Mkaa wa Mifupa na Uji wa Kija

Felisita alikuwa na hasira na maji.

Ni vigumu kukasirikia maji. Hayasikii na hayajibu. Lakini kila asubuhi Felisita alipokuwa akipiga pampu ya kisima, aliyatazama yakiingia kwenye ndoo na moyo wake ulichemka. Maji yalikuwa meupe. Yalikuwa baridi. Yalinuka kidogo, kama yai bovu, lakini kwa macho yalikuwa mazuri kabisa. Na maji hayo hayo yalikuwa yameharibu meno ya binti yake.

Felisita na mumewe, Mboje, waliishi katika kijiji kimoja kati ya Bariadi na Maswa. Walilima pamba na mahindi. Walifuga ng'ombe wachache. Wakati wa kiangazi Mboje alichoma matofali. Mama yake Mboje, Bibi Milembe, aliishi nao.

Mtoto wao wa kwanza aliitwa Winnie. Alikuwa darasa la sita. Meno yake yalikuwa na madoa ya kahawia, na mengine yalikuwa yamechimbika. Felisita alimfundisha kupiga mswaki mapema. Alimnunulia dawa ya meno. Madoa hayakutoka. Shuleni wenzake walimwita Meno ya Kutu.

Baada ya Winnie, miaka mingi ilipita bila mtoto mwingine. Kisha akaja Kija, mvulana mnene, mwenye sauti kubwa. Sasa Kija alikuwa karibu kufikisha miezi sita. Alikuwa bado ananyonya tu. Lakini kila mtu alipokula, alinyoosha mkono kwenye sahani.

"Mwezi ujao ataanza uji," alisema Bibi Milembe.

Felisita alitazama ndoo ya maji. Uji hupikwa kwa maji. Katika kijiji hiki, wakati huu wa kiangazi, maji yalikuwa hayo tu.

Jioni moja Mboje alirudi kutoka mnadani. Alikuwa amebeba ndoo yenye koki, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyeshinda kesi.

"Mama Winnie, njoo uone," aliita. "Shida yetu imekwisha."

"Ipi? Tunazo nyingi."

"Ya maji. Hili ni chujio. Ndani kuna mkaa maalumu. Umechomwa kiwandani. Una mashimo madogo sana, jicho haliyaoni. Unanasa kila kitu."

"Kila kitu gani?"

"Kila kitu. Muuzaji amesema."

"Huyo muuzaji amesomea maji?"

Mboje alifikiri kidogo. "Alikuwa na kipaza sauti," alisema.

Felisita alifumba macho. Alihesabu pumzi zake. Alikuwa ameolewa na mtu mwema, mchapakazi, asiye mlevi. Lakini mtu huyu aliamini kila neno lililotoka kwenye kipaza sauti.

Hata hivyo walijaza ndoo. Maji yalipita kwenye mkaa, yakatoka kwenye koki. Mboje alikinga kikombe, akanusa, akampa mkewe.

"Nusa."

Felisita alinusa. Harufu ya yai bovu haikuwepo tena. Alionja. Maji yalikuwa matamu.

"Umeona sasa?" alisema Mboje. "Harufu imekufa. Kija anaweza kunywa uji wake."

Felisita alitaka sana kuamini. Lakini alimtazama Winnie aliyekuwa akiosha vyombo, akasema, "Baba Winnie, meno ya huyu yaliharibiwa na harufu?"

Mboje alinusa kikombe tena.

Siku chache baadaye mwanamke mmoja alifika kijijini kwa pikipiki. Aliitwa Jenifer. Alikuwa mpimaji wa maji kutoka Bariadi. Kila kiangazi alizunguka vijijini kupima visima. Alikuwa amevaa buti za mpira na kofia, na vumbi lilikuwa limempaka mpaka kwenye kope.

"Mwadila, mayu," alimsalimu Bibi Milembe kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwadila, ng'wanawane. Karibu, mwanangu. Kaa kivulini."

Felisita hakumngoja hata apumzike. Alimletea vikombe viwili. Kimoja kilikuwa na maji ya kisima. Kingine kilikuwa na maji ya chujio.

"Nipimie, dada. Nataka kujua kama mtoto wangu anaweza kunywa haya."

Jenifer alitoa chupa ndogo yenye dawa nyekundu.

"Dawa hii inatafuta floraidi," alisema. "Floraidi ni madini. Yako ndani ya mawe chini ya ardhi. Maji yakipita kwenye mawe hayo, yanayabeba madini. Yakiwa kidogo, hayana neno. Yakizidi, yanaharibu meno ya mtoto tangu hayajaota. Yakizidi zaidi, kwa miaka mingi, yanaumiza na mifupa. Sasa tazameni. Dawa ikibaki nyekundu, ni salama. Ikigeuka njano, floraidi ni nyingi."

Alidondosha dawa kwenye maji ya kisima. Alidondosha pia kwenye maji ya chujio. Wakasubiri. Bibi Milembe aliwakaangia karanga, wakazitafuna wakiendelea kusubiri.

Maji ya kisima yaligeuka njano.

Maji ya chujio nayo yaligeuka njano. Njano ile ile.

"Dawa yako imeharibika," alisema Mboje.

Jenifer alivuta pumzi ndefu. "Baba Winnie, kila kijiji ninachofika, dawa yangu imeharibika. Sijawahi kufika kijiji ambacho maji ndiyo yameharibika."

Alitoa chupa ya maji aliyokuja nayo, maji ya mvua aliyokinga nyumbani kwake. Akaweka dawa ile ile. Wakasubiri tena. Yalibaki mekundu kama damu ya kuku.

"Dawa ni nzima," alisema. "Chujio lako ndilo halijui floraidi."

"Lakini linaondoa harufu. Nimenusa mwenyewe."

"Ni kweli linaondoa harufu. Linaondoa rangi mbaya. Linaweza kupunguza hata baadhi ya sumu tunazopulizia pamba. Ni mkaa mzuri. Lakini hauwezi kazi hii."

"Kwa nini? Una mashimo," alisema Mboje. "Muuzaji alisema yako mengi mno."

"Hakudanganya kuhusu mashimo." Jenifer alimtazama miguuni. "Asubuhi hii ulipita wapi?"

"Nilitoka kuchunga. Nilipita kwenye nyasi."

"Angalia suruali yako."

Suruali ya Mboje ilikuwa imejaa mbegu za nyasi zenye vijiba vya kunata.

"Sasa tazama buti zangu. Na mimi nilipita kwenye nyasi hizo hizo kuja hapa. Unaona mbegu?"

"Hakuna."

"Nyasi ni zile zile. Mbegu ni zile zile. Kwa nini zimekushika wewe na kuniacha mimi?"

"Kwa sababu suruali ni kitambaa, na buti ni mpira," alijibu Winnie.

"Haya. Mtoto ameshajibu. Mbegu haitazami ukubwa wa mguu. Inatazama ngozi ya kitu inachokigusa. Mkaa nao ni hivyo. Mashimo yanaupa mkaa ngozi nyingi sana. Kama ungeweza kukunjua mashimo yote ya konzi moja ya mkaa wa kiwandani, ungepata eneo kubwa kama shamba. Lakini kinachonasa si shimo. Kinachonasa ni ngozi ya shimo. Ngozi ya mkaa wa mti inapenda vitu visivyopenda maji, kama harufu na mafuta na rangi. Floraidi inapenda maji. Inapita hapo kama mbegu inavyopita kwenye buti."

"Na nikichemsha?" aliuliza Felisita. "Mimi huchemsha kila siku."

"Endelea kuchemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kuhara. Lakini floraidi si kijidudu, dada. Haifi. Maji yakipungua sufuriani, floraidi inabaki pale pale, kwa hiyo inazidi kuwa nzito."

Felisita alikaa chini. Miaka yote hiyo alikuwa amechemsha maji ya Winnie. Alikata kuni, akakohoa moshi, akachemsha. Alitaka kumpiga mtu, lakini hapakuwa na mtu wa kupiga.

"Basi nifanye nini?" aliuliza. "Nisimpe mtoto maji?"

"Maziwa yako ni salama. Floraidi haipiti sana kwenye maziwa ya mama. Lakini akifika miezi sita anahitaji chakula. Usimcheleweshe. Na ukimpikia, usiweke magadi kwenye chakula chake, maana magadi mengine yana floraidi. Mvua ikinyesha, kingeni maji ya paa, hayo ndiyo mazuri kuliko yote."

"Mvua iko wapi?"

"Najua haipo. Kwa hiyo tutatumia mkaa. Ila mkaa wa mifupa."

Bibi Milembe aliacha kukaanga karanga. "Mifupa?"

"Mifupa ya ng'ombe, mayu. Floraidi inapenda mifupa na meno. Ndiyo maana imeingia kwenye meno ya Winnie. Mfupa na jino vina chokaa ya aina moja. Tukiichoma mifupa vizuri, inakuwa mkaa wenye mashimo, na ngozi ya mashimo hayo bado ina ile chokaa. Maji yakipita, floraidi inadhani imefika kwenye jino. Inashika hapo hapo. Inabaki kwenye mfupa wa ng'ombe badala ya kwenda kwa mtoto."

Kisha Winnie akauliza, bila kumtazama mtu yeyote, "Na mimi nikinywa hayo maji, meno yangu yatarudi?"

Jenifer alimgeukia. "Hapana," alisema. "Jino likishaota na doa, maji hayaliondoi. Lakini mifupa yako bado inakua, na hiyo tutailinda. Na meno, daktari wa meno anaweza kuyafunika. Si uchafu, Winnie, wala si uvivu wako. Aliyekuita Meno ya Kutu anakunywa maji ya kisima hicho hicho. Mwambie acheke mbele ya kioo."

Winnie alishindwa kujizuia, akatabasamu.

Kazi ikaanza. Jenifer aliwaeleza, kisha akaondoka kwenda kijiji kingine. Felisita aliyakariri maelezo yote kichwani. Mboje alikariri nusu.

Walikusanya mifupa kwenye bucha na kwa majirani. Mbwa wa kijiji kizima waliwafuata. Waliichemsha mifupa, wakakwangua nyama na mafuta yote, wakaianika juani mpaka ikakauka.

"Sasa naipeleka kwenye tanuru langu la matofali," alisema Mboje.

"Jenifer alisema hapana."

"Tanuru lina moto mkali. Kitu kikipata moto mkali kinakomaa. Mimi ndiye mchomaji hapa."

"Wewe unachoma matofali, Baba Winnie. Sitaki kumpa mtoto tofali. Jenifer alisema mifupa ifungiwe, isipate hewa. Moto ukizidi na hewa ikiingia, inakuwa myeupe. Mashimo yanajifunga. Mfupa mweupe haunasi kitu."

"Myeupe si ndiyo safi?"

Felisita alimgeukia. "Mume wangu," alisema, "maji ya kisima ni meupe."

Mboje alikwenda kutafuta debe.

Walipanga mifupa ndani ya debe la bati. Wakalifunika, wakaziba ukingo kwa udongo wa mfinyanzi, wakaacha tundu dogo la kutolea moshi. Wakawasha moto kulizunguka. Moshi ulitoka kwenye tundu ukinuka vibaya sana. Majirani walifunga madirisha. Jirani yao Mektilda alipita njiani amejifunika pua kwa kanga.

"Mama Winnie, mnapika nini, fisi?"

"Tunapika maji ya uji."

"Mpe mtoto uji kama sisi wote tulivyopewa. Mbona tumekua?"

"Nionyeshe meno," alisema Felisita.

Mektilda alienda zake.

Mara ya kwanza walishindwa. Mboje hakuweza kujizuia. Moto ulipokuwa bado mkali, aliinua kifuniko achungulie. Hewa ikaingia, mifupa ya juu ikawaka, ikawa myeupe kama chaki. Felisita alichukua jembe akaenda kufukua udongo mwingine, na alivyokuwa akichimba kila mtu alielewa alichokuwa akifikiri.

Mara ya pili alikaa yeye mwenyewe kando ya debe. Alimkataza kila mtu kusogea. Moshi ulipokwisha, aliacha moto uzimike. Aliacha debe lipoe mpaka asubuhi. Alipolifungua, mifupa ilikuwa myeusi nje. Alivunja mmoja. Ulikuwa mweusi mpaka ndani. Haukunuka. Vipande vichache vilikuwa na rangi ya kahawia. Hivyo alivitenga, maana havijaiva na bado vina mafuta.

Walitwanga mkaa huo kwenye kinu mpaka ukawa punje kama za mchele. Wakapepeta vumbi. Wakaosha tena na tena mpaka maji yakatoka maangavu. Wakaujaza kwenye ndoo mpya yenye koki. Maji waliyapitisha polepole, ili yakae na mkaa muda wa kutosha.

Felisita alijaza chupa, akapanda bodaboda mpaka Bariadi. Jenifer alidondosha dawa nyekundu. Ilibaki nyekundu.

"Hongera," alisema Jenifer. "Sikuamini mngefanikiwa mapema hivi. Lakini usimwanzishie mtoto bado. Endelea kupitisha maji, kisha leta chupa nyingine. Nataka kuona kama chujio linashika vilevile baada ya kutumika kidogo."

Felisita alirudi nyumbani akiimba kwenye bodaboda. Dereva aliongeza mwendo.

Alipopeleka chupa ya pili, Kija alikuwa ametimiza miezi sita. Nyumbani alikuwa amelia kutwa nzima kwa sababu ya kipande cha kiazi alichonyimwa.

Dawa iligeuka njano.

Felisita aliitazama chupa. Hakuelewa. Mifupa ilikuwa ile ile. Ndoo ilikuwa ile ile. Hakuna aliyeinua kifuniko cha debe. Hakuna aliyepeleka kitu kwenye tanuru.

"Rudia," alisema.

Jenifer alirudia. Njano.

"Ninakuja nawe," alisema Jenifer, akachukua kofia.

Njiani Felisita aliandaa maneno ya kumwambia Mboje. Yalikuwa mengi. Alipofika uani hakuweza hata kushuka vizuri kwenye pikipiki.

"Umefanya nini kwenye ndoo?"

"Mimi?" Mboje alikuwa anakoroga udongo wa matofali. "Sijaigusa. Niliogopa hata kuitazama."

"Umeweka mkaa wa muuzaji."

"Sijaweka."

"Umeipeleka mnadani wakaiona marafiki zako."

"Mama Winnie, ndoo hii imejaa maji. Ningeibebaje mnadani?"

Jenifer alikuwa ameshafunua ndoo. Aliingiza mkono, akatoa konzi ya mkaa. Aliusugua kati ya vidole. Vidole viliteleza. Juu ya maji palikuwa na vijiduara vidogo vya rangi ya dhahabu vinavyoelea.

"Hii ni samli," alisema.

Felisita alimgeukia Mboje tena.

"Ndiyo, ni samli yangu," alisema Bibi Milembe kutoka kwenye kigoda chake. Hakuona sababu ya kuficha. "Nzuri kabisa, ya ng'ombe wetu. Nilitoa maji, nikaiyeyusha, nikaimimina, nikaukoroga mkaa mpaka ukang'aa, nikarudishia maji. Kwetu chombo kipya hakitumiwi kikavu. Chungu kipya unakipaka samli. Kibuyu kipya cha maziwa unakipaka samli. Na hiki ni chombo cha uji wa kwanza wa mjukuu wangu. Nikiache hivi hivi kama chombo cha mgeni?"

Felisita alifungua mdomo. Akaufunga. Huyu alikuwa mkwe wake, na mkwe hafokewi. Aligeuka, akatoka uani, akaenda mpaka kwenye pampu ya kisima. Akaipiga mpaka ndoo tatu za majirani zikajaa bila wao kumwomba. Kisha akarudi.

"Dada Jenifer," alisema, "mweleze mayu. Mimi nikianza kueleza nitasema na yasiyopaswa."

Jenifer hakuanza na maneno. Aliomba bakuli la maji. Aliomba pamba mbichi kutoka kwenye gunia lililokuwa pembeni ya nyumba. Aliitoa mbegu, akaiweka kwenye maji. Pamba ikaelea, kavu.

"Mayu, umelima pamba maisha yako yote. Hii inakunywa maji?"

"Pamba ya shambani hainywi maji. Kila mtu anajua."

Jenifer alifungua mkoba wake wa huduma ya kwanza, akatoa pamba ya duka la dawa. Akaiweka kwenye bakuli hilo hilo. Ililowa mara moja, ikazama.

"Na hii ni nini?"

"Pamba."

"Ni pamba yetu hii hii. Tofauti ni moja. Ya shambani ina mafuta kidogo kwenye nyuzi zake, kama nta. Hayaonekani, lakini yapo kwenye ngozi yake. Kiwandani wanaiosha hiyo nta, basi pamba inakunywa maji. Ndani haijabadilika. Imebadilika ngozi tu. Sasa mkaa wetu ulikuwa kama pamba ya dawa. Maji yaliingia kwenye mashimo, floraidi ikashikwa. Ulipoupaka samli, ukawa kama pamba ya shambani. Maji yanateleza juu yake na kuondoka. Mfupa bado upo, lakini floraidi haiufikii."

Bibi Milembe aliinama juu ya bakuli. Aliisukuma pamba mbichi chini kwa kidole. Ikaibuka. Aliisukuma tena. Ikaibuka tena. Alikaa muda mrefu akifanya hivyo.

"Kwa hiyo nimeuvalisha koti la mvua," alisema mwishowe.

"Ndivyo, mayu."

"Na ule muda wote mlipokuwa mnachoma na kunuka, hakuna aliyeniambia."

Felisita alitazama chini. Ilikuwa kweli. Walimkataza kila mtu kusogea, lakini hawakumweleza mtu sababu.

"Hatukukuambia, mayu," alisema. "Kosa ni langu."

"Basi wakati mwingine uniambie. Mimi si mbuzi wa kufukuzwa tu kwenye moto." Bibi Milembe alisimama, akajipangusa gauni. "Samli yangu imepotea, mtoto ana njaa. Mboje, umekaa unatazama nini? Nenda bucha kabla mbwa hawajafika."

"Na mkaa huu wa zamani, tunaweza kuuosha kwa sabuni?" aliuliza Mboje.

"Sabuni nayo inabaki kwenye mashimo," alisema Jenifer. "Umwageni. Uzikeni shimoni, mbali na kisima. Anzeni upya."

Walianza upya. Safari hii Bibi Milembe alisimamia kila hatua, na Felisita alitamani siku ambazo mama mkwe hakujua chochote. Mifupa ilichemshwa mara mbili kwa sababu Bibi aliona tone la mafuta. Mboje alifukuzwa karibu na debe kwa sababu alikuwa amekula nyama choma.

"Nimenawa, mayu."

"Umenawa kwa kitu gani?"

"Kwa maji."

"Mafuta hayatoki kwa maji. Hukuona pamba? Kaa kule."

Hata Mektilda jirani alipopita na chupa ya mafuta ya kula, aliambiwa azunguke nyuma ya nyumba.

Mkaa ulitoka mweusi mpaka ndani. Ulitwangwa, ukapepetwa, ukaoshwa. Jenifer alikuja tena na kupima pale pale uani, mbele ya Mektilda na wanawake wengine waliokuja kuona. Ndoo ilikuwa imepitisha maji mfululizo kabla ya kupima. Dawa ikadondoshwa. Wakasubiri. Karanga ziliisha.

Nyekundu.

"Sasa pikeni uji," alisema Jenifer. "Lakini sikilizeni wote. Benchi la watu kumi halikai watu mia. Ngozi ya mkaa ikijaa floraidi, haina nafasi tena. Hamtaona kwa macho, hamtasikia kwa ulimi. Kila mwezi leteni chupa niipime. Siku ikigeuka njano, mnachoma mifupa mingine. Na maji yakishatoka kwenye chujio, bado yachemsheni. Mfupa unanasa floraidi, hauui vijidudu."

"Na tutajuaje kama Kija amepona?" aliuliza Mboje.

"Meno yake ya utu uzima yataota akiwa na miaka sita au saba. Hapo ndipo utaona."

"Miaka sita?" Mboje alionekana kama mtu aliyedhulumiwa mnadani. "Yaani kazi yote hii, na majibu miaka sita?"

"Una haraka ya kwenda wapi?" alisema Felisita.

Mektilda alikuwa ameinama akichungulia ndoo. "Mama Winnie," alisema taratibu, bila kufunua meno, "hilo debe lenu la kuchomea mnaazimisha? Binti yangu amejifungua juzi."

"Tunaazimisha. Lakini utaongea na mayu kwanza."

"Njoo nikunuse mikono," alisema Bibi Milembe.

Winnie alipika uji. Ulikuwa uji mwepesi wa mahindi na karanga, uliopikwa kwa maji ya chujio. Felisita alimpakata Kija. Wanawake wote waliinama kutazama. Mboje alisogea, kisha akakumbuka nyama choma, akasimama mbali. Felisita alichota kijiko cha kwanza, akakipoza, akakiweka mdomoni mwa mtoto.

Kija alikunja uso. Alimtazama mama yake kama vile amemkosea sana. Kisha akautema wote, ukatiririka kidevuni mpaka kifuani.

Felisita alikaa na kijiko mkononi. Alifikiria mifupa. Alifikiria moshi, na bodaboda, na samli, na kipaza sauti.

"Mwanangu," alisema kwa utulivu mkubwa, "kwa ajili ya kijiko hiki nimechoma ukoo mzima wa ng'ombe. Mara tatu. Utameza."

Akachota tena.

Kija alimeza.